Mkufu wa Karatasi kutoka Kibera: Ziara Imenikera, Bidhaa Nimeirudia

Mkufu ninaouzungumzia hapa nimeuvaa kwa miezi minne, mara nyingi kazini, na rangi yake haijapauka. Niliununua Kibera, Nairobi, katika banda la mabati upande wa Makina, ambamo chama cha kina mama wapatao kumi na wawili hutengeneza mapambo kwa karatasi kuukuu na kushona mikoba ya kitenge. Naanza na safari yenyewe kwa sababu ndiyo iliyonikera; kazi ya kina mama nitaifikia.

Mara ya kwanza nilikwenda na kampuni ya ziara, ambayo sitaitaja, kwa ada ya shilingi 2,500 kwa kila mgeni. Kiongozi wetu alianza kwa kututangazia kwamba Kibera ina watu zaidi ya milioni moja, hesabu inayorudiwa miaka nenda miaka rudi ingawa sensa ya 2009 ilipata watu 170,070. Kisha akatuvusha reli iendayo Kisumu na kutusimamisha kando ya mtaro wa majitaka ili wenzangu wapige picha, na wakati wote huo hakutamka neno moja kuhusu Wanubi waliokaa hapo kabla ya wengi na kupaita Kibra, yaani msitu. Katika saa tatu za matembezi, kina mama ambao ndio tuliodhani tumekwenda kuwaunga mkono walitengewa dakika ishirini. Nilipomuuliza mweka hazina wao wanapata kiasi gani katika ada yetu, alicheka akasema, "Sisi hupata mkinunua, mwanangu."

Hata hivyo dakika hizo ishirini zilitosha kunionyesha kwamba nimefika kwa mafundi. Mama mmoja mzee, ambaye wote humwita Shosho, alinikalisha kwenye kigoda na kunipa ukanda wa karatasi uliokatwa kutoka kalenda iliyopitwa na mwaka, mpana kama kidole gumba upande mmoja na uliochongoka upande wa pili. Ukanda huo huviringishwa kwenye spoku ya baiskeli kuanzia upande mpana, hivyo kila mzunguko huwa mwembamba kuliko uliotangulia na ushanga hutokea umetuna katikati. Ncha hubandikwa kwa gundi, kisha shanga hupakwa vanishi mara mbili na kuanikwa. Wangu ulilegea na kupinda. Shosho aliufungua wote na kuniambia, "Kaza, usiibembeleze karatasi."

Mkufu wenye nyuzi tatu niliuziwa shilingi 600 na mkoba 900, bei zikiwa zimeandikwa na hazipunguzwi. Mkoba una bitana, zipu yake haikwami, na mshono wa vishikio umerudiwa mara mbili. Nimebebea kompyuta ndogo na vitabu bila wasiwasi, ila ungekuwa na mfuko mdogo wa ndani kwa ajili ya funguo ungenifaa zaidi. Kasoro halisi iko kwenye mkufu: kulabu ya chuma ya kufungia shingoni ilishika kutu kabla ya mwezi kwisha na kuniachia doa kwenye kola. Shanga zenyewe nazo hazipendi maji, kwa hiyo uvue kabla ya kuoga.

Kwa sababu ya kulabu hiyo nilirudi, safari hii nikiwa nimempigia simu mweka hazina mwenyewe, na mwanachama mmoja akanipokea kituo cha matatu. Nilikaa asubuhi nzima. Kulabu iling'olewa, mahali pake pakawekwa kitanzi cha uzi na ushanga mmoja mkubwa wa kufungia, bila malipo. Nilinunua mkoba wa pili nikalipa kwa M-Pesa ya chama, na ujumbe ulipoingia mweka hazina aliusoma kwa sauti na kuuandika katika daftari: sehemu kubwa ni ya aliyeshona, nyingine huingia katika mfuko ambao wanachama hukopeshana kwa zamu.

Atakayekwenda apige simu siku moja kabla, na akiwa na kalenda kuukuu azibebe, kwani karatasi nzito yenye kung'aa ndiyo wanayoitafuta. Magazeti ayaache nyumbani, maana karatasi yake hunyonya gundi na ushanga hubaki laini.