Gentrol: dawa ya kukata kizazi cha mende, si ya kuwaua

Anayetaka kuamka akute mende wamelala chali asinunue Gentrol. Kiambato chake, haidroprini, huiga homoni ya utotoni ya mdudu. Mtoto wa mende akiipata kabla ya kujivua gamba la mwisho, anatoka na mbawa zilizojikunja na hazai. Mende aliyekwisha komaa haimuui. Jike wa wale mende wadogo wa jikoni, mwenye kifuko cha mayai 30 hadi 40, ataendelea kukibeba hadi karibu na kuanguliwa. Kwa kuwa hao watoto huchukua miezi miwili hivi kukomaa, wiki za mwanzo mwenye hoteli hudhani kauziwa maji. Atazame mbawa: zikianza kuonekana zimepinda, dawa imeshika.

Kipimo ni mililita 30 kwa lita 3.8 za maji, zinazotosha mita 140 za mraba. Pampu ya lita moja inahitaji mililita 8 tu, kwa hiyo pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, maana kifuniko cha soda kitakudanganya. Tikisa, kisha elekeza kwenye nyufa: nyuma ya friji, bawaba za kabati, chini ya sinki, pale meza ya saruji inapokutana na ukuta. Kunyunyiza katikati ya sakafu ni hasara. Lebo inaahidi siku 120, ila jiko linalosuguliwa kwa Omo na jiki kila jioni lisitegemee zote.

Peke yake haitoshi. Iambatanishe na jeli ya chambo yenye sumu ya fipronili au imidaklopridi, vitone vya ukubwa wa punje ya mtama, ili wakubwa waliopo wafe. Kosa linaloharibu kazi ni kupuliza dawa ya kopo juu ya jeli. Harufu inawafukuza mende, chambo kinabaki bila mlaji.

Katika vyumba vya kupanga vya Bwaise au Katwe jijini Kampala, vinavyochangia kuta, kutibu chumba kimoja ni kumpa jirani nafasi ya kukuletea wengine. Huko afadhali vikasha vidogo vya Gentrol Point Source, kimoja kwa mita 7 za mraba kwa miezi 3, bila pampu, kila mpangaji na chake.

Kwa mende wakubwa wa shimo la choo siipendekezi: hukomaa polepole mno. Ziba kwanza bomba na mfuniko wa shimo.