Sufuria ya kuskusi, na kijana aliyeniuzia

Nianze na mvuke, maana ndio ulionitia hasira. Ulikuwa unatoka ubavuni. Pale sufuria ya chini inapopokea chujio la juu kuna upenyo, unene wake kama uzi tu, na mvuke wote ukaamua kupita hapo hapo. Ukawa unafoka, unageuka matone, matone yanateremka hadi kwenye jiko na kulia chwaa, chwaa. Huko juu kuskusi, zile chembe ndogo za ngano, imetulia tuli kama mchanga wa Nungwi. Saa nzima! Nilipotia vidole, juu ilikuwa kavu na mbichi, chini imeshikana bonge na kuziba matundu. Na sebuleni wifi yangu na wanawe wameshanawa mikono, pamoja na rafiki yangu wa Lubumbashi niliyemwalika kwa maneno mengi sana.

Wageni walikula mchuzi kwa mkate. Hawakusema neno, na huko kunyamaza kwao ndiko kulikonikata maini.

Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Brussels, jengo ambalo nusu ya majirani ni Wamoroko. Ijumaa wakirudi msikitini, ngazi zote zinanukia kuskusi: nyama ya kondoo, kabichi, boga, samli yao ile kali. Kwa miaka nilikuwa napika ya pakiti. Ile imeshapikwa kwa mvuke kiwandani ikakaushwa, kwa hiyo unaimwagia maji ya moto, unafunika dakika 5, unachambua kwa uma, basi. Si mbaya. Lakini ukipita kwenye ngazi zile unajua kwamba unachokula wewe na wanachokula wao ni vitu viwili.

Ndipo nikaenda kununua sufuria yenyewe, ile ya ghorofa mbili: chini unachemsha mchuzi, juu linakaa chujio lenye kuskusi, inaiva kwa mvuke wa mchuzi ule ule. Duka sitalitaja. Nilimuuliza kijana wa dukani kwa adabu kabisa: kuna jambo la kujua kabla sijaanza kuitumia? Hakuinua hata macho kwenye simu. "Ni sufuria, mama. Mchuzi chini, kuskusi juu."

Siku chache baada ya aibu ile nikairudisha. Nimeiosha, nimeifuta, imo ndani ya boksi lake. Nikamweleza kwamba inavuja mvuke pembeni. Akacheka. Si tabasamu, kicheko, kisha akamwita mwenzake aje asikie. "Nyinyi chukueni ile ya dakika 5," akaniambia. "Hii ni ya mama zetu." Nyuma yangu kuna foleni ya watu. Pesa hakurudisha.

Nyinyi! Nilitembea hadi nyumbani na boksi mikononi huku neno hilo linanipiga kichwani. Nyinyi nani? Senegali na Mali wanapika kuskusi ya uwele, na hakuna aliyewaambia wakae na pakiti. Mwaka 2020 UNESCO ilipoingiza ujuzi wa kuskusi katika orodha ya urithi wa binadamu, nchi nne zilipeleka ombi pamoja, Algeria, Moroko, Mauritania na Tunisia, nchi ambazo kwa mengine hazipatani kirahisi. Waliweza kukubaliana kwamba chungu ni kimoja. Kijana mmoja wa dukani anaona ni cha mama yake peke yake.

Jioni ile niliandika tathmini ndefu ya kuwaonya watu wasinunue sufuria hii kabisa. Niliandika kwamba chuma chake ni chepesi, mdomo haukukaa sawa, ni mali ya kutupa. Sikuituma, kwa sababu mlango uligongwa.

Alikuwa jirani wa ghorofa ya tatu, bibi wa Kimoroko aliyetokea Oujda, amekuja na sahani ya tende. Mimi humwita khalati. Siku ya kwanza nilipomwita hivyo alishtuka akacheka, maana kwao mama mdogo ni khalti, na kwetu Unguja ndiyo khalati hiyo hiyo. Akaliona boksi. Akaniuliza mbona uso umevimba, nikamwambia yote.

Hakusema kitu. Alivua koti, akaomba shuka kuukuu, akachana ukanda wa upana wa vidole viwili. Akakoroga unga wa ngano na maji uzito wa uji, akauchovya ukanda humo, akauzungusha pale kwenye maungio ya sufuria na chujio, akaubana kwa kidole gumba kote kote kama mtu anayemfunga mtoto bendeji. Moto ulipopanda unga ukakauka, ukakaza. Upenyo umekufa. Mvuke haukuwa na njia nyingine ila kupanda juu, kupitia kuskusi.

"Zote zinavuja, binti yangu," aliniambia. "Ya mama yangu ilikuwa ya udongo, na hiyo pia ilivuja."

Kisha nikachukua mfuniko niweke juu. Akanishika mkono. Mfuniko ni wa sufuria ya chini, siku unayopika mchuzi mtupu. Ukifunika kuskusi, mvuke unagonga mfuniko, unarudi matone, na tone likidondoka hapo ndipo bonge linapoanzia. Kuskusi inaachwa wazi, na unajua mambo yanakwenda ukiona mvuke unatoka katikati ya kuskusi yenyewe, siyo pembezoni.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikamkumbuka mama yangu, anavyotandika jani la mgomba juu ya wali kabla ya kupalia makaa, pumzi isitoke. Jambo lile lile. Kuambiwa kwake kungechukua pumzi moja: "Funga kwa kitambaa na unga, usifunike." Kijana yule analijua. Amesema mwenyewe ni sufuria ya mama zao! Basi alilijua, akanyamaza, kisha akanicheka kwa kutokulijua. Hapo hasira yangu iliihama sufuria ikamwangukia yeye yote.

Kwa hiyo ile tathmini niliifuta, naandika nyingine. Sufuria ni nzuri. Nasema nzuri, narudia. Nimeitumia Ijumaa nyingi sasa na haijaniangusha. Kazi ipo, tusidanganyane. Kuskusi kavu unaimwaga kwenye sinia pana, unatia mafuta kidogo na kusugua kwa viganja mpaka kila chembe ipate, ndipo unanyunyiza maji ya chumvi kidogo kidogo huku unaendelea kusugua. Inapanda juu ya mvuke, dakika 15 hadi 20. Unaimwaga tena kwenye sinia, inaunguza vidole, unavunja mabonge, unanyunyiza maji, inarudi. Mara tatu. Mara ya mwisho ndipo inapata samli. Mchuzi usijae ukagusa chujio. Ukimaliza, chembe zimevimba, kila moja imesimama peke yake, laini, na zimebeba harufu ya kondoo na tangawizi kutoka chini bila kuguswa na mchuzi wenyewe. Ya pakiti haikupi hilo hata ukiitia nini.

Ila sitaki kuidharau ya pakiti, kwa sababu kijana yule aliitamka kama tusi na mimi sikubali iwe tusi. Kwa saladi ya haraka inatosha sana, watu wanaiharibu wenyewe tu. Usitie maji matupu, tia supu ya moto au maji yenye chumvi na kijiko cha mafuta ya zeituni. Kikombe kwa kikombe, na kama utachanganya na nyanya punguza maji kidogo, maana nyanya zitatoa yake. Kamua limau kuskusi ingali vuguvugu ili inywe, ikishapoa ladha inabaki nje. Kitunguu kikate kama cha kachumbari, kifikiche na chumvi, ukioshe, ukikamue. Nyanya toa mbegu. Tango, nanaa, kotimiri, vyote vingi kuliko unavyodhani inafaa. Bizari nzima kaanga kavu, itwange palepale. Mimi huongeza komamanga, na achari ya ndimu kutoka nyumbani, ganda lake tu nimelikata vipande vidogo, na hapo Unguja na Moroko wanakutana, kwani nao wanazo ndimu zao za chumvi. Madukani hapa wanauza kuskusi baridi yenye majani matatu na kuiita tabule. Tabule ya Walebanoni ni majani tele na bulguri, yaani ngano iliyopondwa, kidogo. Sijui wanaona ugumu gani kuita kitu kwa jina lake.

Na ile inayobaki Ijumaa ndiyo saladi ya Jumamosi. Wifi yangu amerudi mara mbili kuila, safari hii akaomba abebe.

Sasa hukumu yangu. Nilitaka kumalizia kwamba inunueni sufuria hii popote pale ila duka lile. Nilishaapa nisikanyage tena. Lakini juzi nilipita nje nikamwona dada mmoja, msichana tu, kaishika sufuria ile ile, anamuuliza kijana yule yule kitu, na yeye yuko na simu yake. Nikaingia. Nilisimama kati yao nikamwonyesha dada pale maungio yalipo, nikamwambia habari ya ukanda, unga na maji, nikamwambia mfuniko auache kabatini. Akaniuliza unga uwe mzito kiasi gani. Nikamwambia kama uji. Kijana alinitazama, safari hii macho yameinuka, na akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake hutumia unga kama wa chapati, mgumu, anausokota na kuubandika bila kitambaa.

Nimeujaribu wa mama yake. Unashika vizuri zaidi.