Fundi wa trekta anayekuja shambani: uzoefu wangu kabla ya masika, Muheza

Familia yetu ina Massey Ferguson 375, trekta la silinda nne na nguvu farasi 75, ambalo tunalimia mashamba yetu karibu na Ngomeni na kisha kuwakodisha majirani, hivyo kila siku linapolala kwa ubovu wakati wa masika kuna watu wanaobaki na mbegu mikononi. Kwa miaka mingi tulisubiri liharibike ndipo tutafute fundi. Mwaka huu, mwishoni mwa Februari, tulimlipa fundi wa Muheza mjini ambaye hufunga safari hadi shambani na kulihudumia trekta zima kwa siku moja, pamoja na plau, haro, trela na mashine ya kupukuchulia mahindi. Ufundi ulitugharimu shilingi 150,000, mbali na oili, filta na vipuri.

Alianza kwa kusoma saa za injini. Kitabu cha trekta letu kinataka oili na filta yake vibadilishwe kila baada ya saa 250, nasi tulikuwa tumepitisha 400 bila kujua, kwa sababu tulikuwa tukihesabu miezi. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na nyepesi kama maji. Filta ya hewa aliipuliza kutoka ndani kwenda nje, kwa kuwa ukiipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi lizame zaidi, kisha akapaka grisi kwenye viungo vyote vya ekseli ya mbele mpaka ile ya zamani, iliyochanganyika na mchanga, ikatoka yote.

Kwenye dizeli ndiko nilikojifunza zaidi. Kwa sisi tulio karibu na bahari, tangi linaloachwa nusu usiku kucha hutoa jasho ndani, na matone hayo huzama chini ya dizeli na kusafiri hadi kwenye pampu na nozeli, vipuri ambavyo bei yake inaumiza. Fundi alilegeza nati ya chini ya filta, akakinga kwa chupa ya plastiki, na sote tukaona maji yamejitenga kwa kimo cha kidole kimoja. Tangu siku hiyo tunajaza tangi jioni kazi inapokwisha, badala ya asubuhi.

Ilipofika zamu ya mashine ya kupukuchulia, kazi ilisimama. Shafti inayotoka nyuma ya trekta kuizungusha mashine hiyo haikuwa na kifuniko. Kilipasuka msimu uliopita na hakuna aliyejali. Fundi alikataa kuiunga. Mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, alimwambia, "Mzee, niungie tu, nitakuwa mwangalifu." Akajibiwa, "Mwanangu, shafti hii haina habari na uangalifu wako." Kisha akatufafanulia kwamba huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa katika sekunde moja, na kwamba ncha ya kikoi au mkono wa shati ukinaswa, mtu hapati hata muda wa kupiga kelele. Nilimtazama mpwa wangu akiwa amevaa kikoi chake, nikakumbuka ni mara ngapi nimemwona akiiruka shafti hiyo ikiwa inazunguka ili asizunguke mashine. Sikulala vizuri usiku ule. Kifuniko kilinunuliwa kesho yake, na sasa injini huzimwa kabla ya mtu yeyote kusogea nyuma.

Aliangalia pia breki, ambazo kwenye trekta zina pedali mbili, ya gurudumu la kulia na la kushoto. Shambani hutenganishwa ili dereva akate kona fupi, lakini barabarani lazima ziunganishwe kwa komeo lake, kwa sababu ukikanyaga moja tu ukiwa kwenye mwendo, trekta hugeuka ghafla na linaweza kupinduka. Komeo letu lilikuwa limeshika kutu. Trekta hilo hilo ndilo tunaloteremshia mizigo kutoka upande wa Amani, kwenye miteremko mikali, na kwa hiyo alisisitiza pia kwamba dereva aingize gia nzito kabla ya kuanza kushuka na asiweke fri kamwe, kwani trela lililojaa likishaanza kulisukuma trekta, breki peke yake hazitoshi.

Masika ndiyo majira ya kuombwa kuvuta malori yaliyokwama. Hapo alituonya tusifunge mnyororo juu, penye mkono wa kushikia plau, bali chini kwenye chuma cha kuvutia, kwa sababu ukivuta kutoka juu magurudumu ya mbele huinuka na trekta humwangukia dereva kwa nyuma. Sisi tulikuwa tukifunga juu kila mwaka.

Sitaficha kasoro. Mfuniko wa rejeta aliotuuzia haukuwa saizi yake. Siku ya pili ya kulima maji yalianza kuruka, injini ikapata joto, na tukapoteza siku nzima tukimsubiri. Alikuja na mfuniko mwingine bila kutudai chochote, na hilo namshukuru, ila mtu anayeuza vipuri angepaswa kuvijaribu kabla ya kuondoka. Pia hakuacha maandishi yoyote ya kazi aliyoifanya, ikabidi niandike mwenyewe kwenye daftari: tarehe, saa za injini, na kila kilichobadilishwa.

Tumeshakubaliana arudi Septemba, kabla ya vuli. Safari hii nimemwomba aanze na breki, na shangazi, ambaye shamba lake linapakana na letu, ataleta mashine yake ya kupukuchulia ikaguliwe siku hiyo hiyo, kwani nayo haina kifuniko.