Baiskeli ya kike kwa mzee wa miaka 67

Nianze na aibu yenyewe, maana ndiyo iliyonichelewesha karibu mwaka mzima: baiskeli ninayotaka kuisifu ni ya kike. Haina lile bomba la juu litokalo kwenye kiti kwenda kwenye usukani. Fremu imebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, mbele ina kapu la waya, mnyororo umevikwa kava, na rangi yake ni ya mtindi uliolala. Ni mtumba wa Japani. Mimi ni mwanamume wa miaka 67, mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na nimeiendesha miezi minane karibu kila siku ya Mungu. Ninachosema sikukisikia kwa mtu.

Tanga baiskeli si jambo geni. Mji ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka kama iliyopigwa rula na inaitwa kwa namba, Barabara ya 5, ya 8, ya 12, na tulipokuwa watoto mtu mzima na baiskeli yake walikuwa kitu kimoja. Nami nilikuwa na Phoenix, ile nyeusi ya inchi 28, breki za vyuma, keria ya kubebea gunia. Imenipeleka kazini miaka na miaka. Nilipostaafu nikaiegemeza ukutani nyuma ya nyumba, kuku wakaifanya dari yao ya kulalia, nami nikahamia barazani. Miaka sita ya kukaa. Kahawa, kashata, drafti, habari za misiba.

Kisha nikapimwa presha ikaja 156 kwa 94. Daktari akaniandikia vidonge, akanipunguzia chumvi, akasema, "Mzee wangu, tembea." Nikatembea. Wiki ya pili magoti yakaanza kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta, la kulia zaidi, ikafika mahali naomba mjukuu aninyanyue kwenye mkeka. Nikarudi kwa daktari. Akasema magoti yamesagika kidogo, ndiyo umri, na kama kutembea kunauma basi nipande baiskeli, kwa kuwa hapo uzito unabebwa na kiti, goti linazunguka tu.

Nikawafukuza kuku nikaifuta Phoenix vumbi. Wanaoijua wanajua inavyopandwa: mguu wa kushoto kwenye pedeli, unajisukuma hatua mbili tatu, kisha wa kulia unaurusha nyuma kupita juu ya keria. Nilipokuwa na miaka 40 nilifanya hivyo huku nimekumbatia madaftari ya darasa zima. Safari hii mguu ulifika kwenye keria ukagoma. Tukaenda chini wawili, mimi chini yeye juu, mbele ya wajukuu watatu na muuza maandazi. Nyonga iliniuma wiki tatu. Mtu wa rika langu akianguka si mchezo. Wangapi tumewazika ambao habari yao ilianza na "aliteleza bafuni".

Hapo ndipo nilipoanza kuziangalia baiskeli za kina mama zinavyopita. Nikawa natazama tu, miezi na miezi. Siku niliyojikaza kwenda dukani nilimwambia muuzaji natafutia binti yangu. Akanitazama kimo, akalitazama goti, hakusema kitu. Alitaka shilingi 280,000, tukamalizana kwa 230,000 na kengele mpya juu yake. Kwenye fremu kuna kijibandiko chenye namba na herufi za Kijapani, maana kwao baiskeli husajiliwa. Mjukuu wangu anasema ndicho kitambulisho chake cha taifa.

Mwanzoni mambo hayakuwa mazuri, na kosa lilikuwa la fundi na langu sawasawa. Fundi aliona mzee, akashusha kiti mpaka mwisho ili nikikaa nyayo zote mbili zikanyage chini. Nikamshukuru, nikaona kijana ana adabu. Wiki mbili baadaye goti limevimba kuliko enzi za kutembea, nami nikaanza kumlaumu daktari. Kumbe hesabu ilikuwa mbele ya macho yangu. Kiti kikiwa chini, goti halinyooki hata mara moja. Kila mzunguko linakunjwa mpaka karibu na kifua, na mzigo wote unaangukia pale kwenye kifupa cha juu. Kipimo ni hiki: kaa kitini, mtu akushikie, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Kisha ukanyage kwa mbele ya unyayo kama inavyotakiwa, na goti litabaki limekunjika kidogo tu. Nilikipandisha kiti upana wa vidole vinne. Siku ya nne goti likanyamaza.

Sasa utaniuliza, kiti kikipanda si miguu haifiki chini? Haifiki. Na hapo ndipo ukike wa baiskeli hii unapolipa. Kwa kuwa hakuna bomba, nikitaka kusimama natoka kitini kwa mbele, nasimama wima katikati ya fremu, miguu yote chini kama mtu anayesubiri daladala. Kupanda vilevile: naingiza mguu kama navuka kizingiti. Hakuna kurusha mguu wala kuomba dua. Mzee anayeng'ang'ania baiskeli yenye bomba kwa ajili ya uanaume namwelewa vizuri. Nilikuwa yeye.

Kuna faida nyingine ambayo sijasikia mtu akiitaja. Ijumaa naenda msikitini kwa baiskeli nikiwa ndani ya kanzu. Kwenye Phoenix kanzu ilikuwa uikunje mpaka kiunoni uonekane umevaa nguo ya kuogelea, na bado ilirudi na mstari wa grisi. Hapa hakuna bomba la kupandisha nguo, na mnyororo umefunikwa wote. Kanzu inarudi nyeupe. Wajapani sijui walikuwa wanawaza sketi, ila ni kama walimwona mzee wa Kiswahili.

Barazani walinicheka, hilo lilikuwa lazima. Mmoja aliniuliza kama nimeshaagiza na mtandio. Mke wangu anaiita mke mwenza, na mwenyewe haipandi. Anasema akipanda watu watadhani tumebadilishana. Kicheko kilidumu kama wiki tatu, kisha likapatikana jambo jingine la kuchekwa.

Njia yangu ni hii. Baada ya swala ya alfajiri natoka Ngamiani, navuka kwenda mjini, napita Bombo pale penye jengo la kale la Wajerumani, kisha naifuata barabara ya baharini mpaka Raskazone. Upande wa kushoto ghuba yote, kisiwa cha Toten kimekaa katikati kama kilichosahauliwa na mtu. Wakati wa kaskazi, kwenda ni kazi, upepo unakusukuma kifuani, lakini kurudi unaletwa bure. Sasa kusi imeingia na mambo yamegeuka: unapelekwa kwa heshima, unarudi kwa jasho. Zote pamoja nusu saa na ushee. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri dakika zisizopungua 150 kwa wiki, na wazee hawakuachwa nje. Nusu saa mara siku sita ni dakika 180. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuihakiki. Ukitaka kujua kama mwendo wako ni wa kadiri, jaribu kuongea: uweze kuzungumza ila usiweze kuimba. Mimi humsalimia kila ninayempita, ndiyo kipimo changu. Mwezi wa Ramadhani nilihamisha zamu baada ya futari, mwendo wa pole, maji chupa nzima kwenye kapu.

Jumamosi napitia Deep Sea kununua samaki. Hili naona limenisaidia kichwa kuliko mwili. Zamani mke wangu ndiye aliyekuwa akinunua kila kitu, mimi naletewa. Sasa naamka nina mahali pa kwenda na mtu wa kubishana naye. Nasimama kwenye mnada, nakadiria uzito wa samaki aina ya changu kwa macho, napiga hesabu ya chenji kabla mchuuzi hajaipiga kwenye simu yake, na mara nyingi namwahi. Halafu wanafunzi wangu. Sikujua wamejaa mji huu namna hii! Yule aliyekuwa akilala kipindi cha aljebra sasa ana mashua. "Mwalimu, shikamoo, mwalimu baiskeli kali hiyo." Nalazimika kukumbuka jina, mwaka, na alikaa dawati la wapi. Siwezi kusema akili imerudi ujanani. Miwani bado naitafuta huku nimeivaa. Ila lile giza la saa kumi jioni, la kukaa na kuhisi siku imepita bila mimi, sijaliona tangu kaskazi iliyopita. Na usiku nalala.

Nije kwenye kasoro, maana nimeona watu wanaandika sifa tupu.

Breki ya nyuma inalia. Ni ya aina ya mkanda unaobana ngoma, na ukiigusa inatoa mlio wa bata anayekanyagwa mkia. Watu wa Raskazone wanajua saa yangu ya kufika. Fundi ameisafisha mara mbili, ikanyamaza siku tatu, ikarudi.

Gia ziko tatu na zimefichwa ndani ya haba ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu. Zikiwa nzima ni raha, hazidaki mchanga. Zikiharibika sijui itakuwaje, kwani mafundi watatu niliowauliza walizitazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani ya watu wengine. Mpaka sasa haba haijanisumbua, naiombea.

Taa ya dinamo nayo ina mkasa. Ni ile chupa ndogo inayogusa tairi ikazungushwa. Mwezi wa pili kulitokea siku tatu mfululizo nikawa nachoka ajabu. Kufika Bombo tu nahema, mapaja yanawaka. Nikajua basi, moyo. Nikaanza hata kuwaza nani atasimamia mirathi. Siku ya nne nikasimama kunywa maji, nikasikia tairi inanguruma, nikainama. Dinamo ilikuwa imelalia tairi mchana kutwa. Mjukuu alikuwa ameiwasha aone taa.

Kiti ni kipana, kina springi, lakini kilikuja kimeelekeza pua juu. Matokeo yake ni ganzi katika sehemu ambazo mwalimu hazichori ubaoni. Kikalazwa sawasawa, ganzi ikaisha. Wazee wenzangu, msione haya kulisema hili kwa fundi.

La kuchunga zaidi ni barabara. Bodaboda hawana mzee wala mtoto. Nimefunga kioo kidogo upande wa kulia wa usukani, navaa kofia ngumu, na ukiacha ule mwezi wa Ramadhani sitoki baada ya magharibi. Kwenye mchanga nashuka na kusukuma. Sina wa kumwonyesha ubingwa.

Jambo moja baiskeli haikupi, na ni vizuri kulijua kabla ya kununua. Kwa kuwa kiti ndicho kinachobeba uzito, mifupa haipati kazi ya kutosha, na mwili haujifunzi kusimama imara. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, Shirika lilelile la Afya Duniani linataka mazoezi ya nguvu na ya kutoanguka angalau siku tatu kwa wiki. Mimi nafanya ya kinyumbani: nakaa na kuinuka kwenye kiti cha mbao mara kumi bila kushika mkono, nabeba ndoo mbili za maji nusu nusu kuzunguka ua, na nikipiga mswaki nasimama mguu mmoja, kidole kimoja kikiwa ukutani kwa tahadhari. Mara ya kwanza sikumaliza meno ya juu. Sasa namaliza yote.

Presha juzi ilikuwa 136 kwa 82. Vidonge naendelea kumeza na chumvi ya mezani nimeiacha, kwa hiyo sitaipa baiskeli sifa yote. Mkanda wa suruali umerudi tundu mbili. Mkeka nainuka mwenyewe.

Nani asinunue? Mwenye kizunguzungu, na asiyewahi kupanda kabisa asianzie barabarani akiwa na miaka 70. Mwenye kubeba mizigo mizito abaki na Phoenix, hii keria yake ni ya urembo. Ukienda kununua, ikague fremu pale ilipounganishwa chini kwa kutu, zungusha magurudumu uone kama rimu inacheza, na ujaribu gia zote tatu hapohapo. Pampu ya jirani itafaa, kijimpira cha valvu ni kilekile cha Phoenix.

Tairi ndiyo shida. Zake ni za inchi 26 kwa 1 3/8, na maduka yote niliyopita yana za 28 au zile pana za milimani. Ya nyuma imeanza kuonyesha nyuzi. Mwenye kujua anayeziuza hapa Tanga, au hata Dar niagizie kwa basi, aniambie kabla ya mwezi kwisha. Mke mwenza hataki kukaa ndani.