Warsha ya kuandika wasifu wa wanawake, Upanga: kuandika inafundisha vizuri, kutafuta ushahidi bado

Kikundi kimoja cha watu wa kujitolea hapa Dar es Salaam huendesha, kila baada ya miezi kadhaa, warsha ya siku nzima ya kuandika makala za wasifu wa wanawake katika Wikipedia ya Kiswahili. Mshiriki hahitaji ujuzi wa awali zaidi ya kujua kutumia kompyuta, na mlango uko wazi kwa wanawake na wanaume. Nilihudhuria ile iliyofanyika katika ukumbi wa kukodi Upanga, na kwa kuwa jamaa kadhaa wameniuliza kama inastahili Jumamosi ya mtu, ninaweka maoni yangu hapa. Sitakitaja kikundi chenyewe kwa jina, kwa sababu wanaokiendesha ni watu wachache wasiolipwa, na karibu kila nitakalolilaumu linaweza kurekebishwa kabla ya warsha ijayo.

Kiingilio hakuna, na posho hakuna. Hilo la pili lilitangazwa mapema asubuhi kwa lugha ya upole, na watu wawili watatu wakakumbuka ghafla kwamba walikuwa na msiba. Waliobaki walipata chai na maandazi, na mchana pilau ya kutosha. Kila mshiriki hutakiwa kuja na kompyuta yake; wenye simu peke yake walikaribishwa pia, ila kuandika makala ndefu yenye tanbihi kwenye kioo cha simu ni kujitesa, na tangazo lingepaswa kulisema hilo waziwazi.

Kasoro ya kwanza ilikuwa akaunti. Wikipedia huruhusu akaunti mpya sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao, kinga iliyowekwa dhidi ya waharibifu, na ukumbi mzima ulikuwa ukitumia anwani moja. Mshiriki wa saba alipojaribu kujisajili alikataliwa, na waliomfuata vivyo hivyo. Waandaaji wenye uzoefu huomba mapema kikomo hicho kilegezwe kwa siku ya shughuli, au huwataka washiriki wajisajili wakiwa kwao. Hapa hakuna lililofanyika, na sehemu nzuri ya asubuhi ikaishia katika kuazimana bando. Ukienda, jisajili nyumbani siku moja kabla.

Maelezo ya ufunguzi yalikuwa mafupi na yenye takwimu zinazoeleweka. Mwaka 2015, Roger Bamkin na Rosie Stephenson-Goodknight walipoanzisha Women in Red, mradi wa kuongeza makala za wasifu wa wanawake, takriban asilimia 15 ya makala za wasifu katika Wikipedia ya Kiingereza zilihusu wanawake; leo ni karibu asilimia 20, ongezeko lililotokana na kazi ya mikono ya maelfu ya watu ambao hawajawahi kukutana. Mkufunzi alisimulia pia kisa cha Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ambaye rasimu ya makala yake ilikataliwa Mei 2018 kwa maelezo kwamba haikuonyesha vyanzo vya kutosha, na Oktoba ya mwaka huo huo akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kisa hicho husimuliwa kila mahali kama kisa cha dharau, na sehemu yake kweli ni dharau. Lakini aliyeikataa rasimu ile alikuwa akifuata kanuni, na kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomsubiri mwanamke wa Kondoa au Mafia ambaye gazeti halijawahi kumwandika. Nilitarajia siku nzima ijengwe juu ya jambo hilo. Lilitajwa, likapita.

Ufundi wa kuandika, kwa upande mwingine, ulifundishwa vizuri kuliko nilivyotegemea. Mkufunzi, kijana mtulivu ambaye huzunguka meza kwa meza badala ya kuhutubia kutoka mbele, alianza na ukurasa wa mazoezi, ambako mtu anaweza kukosea bila hofu, akaonyesha tofauti ya kubonyeza «Hariri» na «Hariri chanzo», kisha akatumia muda mrefu kwenye sentensi ya kwanza ya makala. Mshiriki mmoja alikuwa ameandika kwamba Lucy Lameck alikuwa «mwanamke shupavu, chuma cha pua, mpambanaji asiyetetereka». Mkufunzi hakumcheka, alimwuliza ni tendo gani lililomfanya aandike hivyo. Baada ya nusu saa sifa zote zilikuwa zimeondoka na mahali pake pakawa na mambo: kwamba alizaliwa mwaka 1934, alisomea uuguzi, akaenda Ruskin College huko Oxford na baadaye Western Michigan University, akarudi na kuwa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa kiwaziri, na kwamba alifariki mwaka 1993. Aliyesoma rasimu zote mbili aliona ipi inamheshimu zaidi.

Somo jingine lililoniridhisha lilihusu ndoa. Rasimu kadhaa zilianza kwa kumtambulisha mwanamke kama mke wa fulani, hata pale alipokuwa profesa au jaji, na mkufunzi alidai kazi yake itangulie na mume ashuke kwenye sehemu ya maisha binafsi. Papo hapo akaongeza jambo ambalo wengi hatukuwa tumelifikiria: mwanamke hubadili jina, na vyanzo vyake hutawanyika. Mwandishi wa tamthilia Penina Muhando, kwa mfano, ana kazi nyingine zilizotoka kwa jina la Penina Mlama, na mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipozaliwa Fumba, Unguja, aliitwa Mtumwa. Asiyetafuta kwa majina yote atadhani vyanzo ni vichache kuliko vilivyo, na asiyeunda ukurasa wa kuelekeza kutoka jina moja hadi jingine atawaacha wasomaji wakifika mahali patupu. Mafunzo ya namna hii huyapati kwenye video za bure mtandaoni, na kwa ajili yake peke yake ningerudi.

Mchana mambo yalilegea. Baada ya pilau waandaaji walitangaza lengo la idadi ya makala za kukamilishwa kabla ya jioni, na kama ilivyo kawaida ya malengo ya idadi, watu walikimbilia njia fupi: zana ya kutafsiri makala, ambayo huchukua makala ya Kiingereza na kupendekeza maneno ya Kiswahili. Kufikia alasiri ukumbi ulikuwa umezalisha makala za waigizaji wa Marekani na wachezaji wa tenisi wa Ulaya, kila moja aya mbili, nyingi zikiwa na sentensi ambazo Mswahili angezisoma mara mbili kabla ya kuzielewa. Sina ugomvi na tafsiri. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kumsoma Marie Curie kwa lugha yake, na Wikipedia hii, ambayo ipo tangu mwaka 2003, imejengwa kwa sehemu kubwa na watafsiri wavumilivu. Ninachokilaumu ni kutumia saa za watu waliokusanyika Upanga kwa kazi ambayo ingeweza kufanywa na mtu yeyote, popote, huku kazi ambayo wangeweza kuifanya wao tu ikikaa.

Kazi hiyo ilikuwa imeketi nasi ukumbini. Alikuwapo mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na picha na karatasi iliyochapishwa kwa ajili ya mazishi ya mwenzake, mwanamke aliyeongoza shule ya wasichana mkoani katika miaka ambayo walimu wakuu wa kike walikuwa wa kuhesabika. Kila aliyewahi kukaa msibani nchini hapa anaijua karatasi hiyo: wasifu wa marehemu, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, maradhi, unaosomwa kabla ya maziko na kisha kuhifadhiwa kabatini. Ni maandishi ya wasifu ambayo jamii yetu huyatoa kwa wingi kuliko mengine yote, na mara nyingi huandikwa kwa uangalifu mkubwa.

«Shikamoo, mama,» alisema mkufunzi alipofika kwenye meza yake, akaisoma karatasi yote kwa adabu. «Hii imeandikwa na familia, mama yangu. Wikipedia inataka mtu wa nje awe ameshaandika habari zake.»

«Mwanangu,» alijibu yule mama, «huyo wa nje angemjuaje?»

Mkufunzi alikuwa sahihi kikanuni. Karatasi ya msibani haitoki kwa mtu asiye na upande, haikuchapishwa mahali ambapo msomaji mwingine anaweza kuikagua, na Wikipedia haichapishi utafiti mpya. Lakini jibu la kweli kwa swali la yule mama lipo, na warsha haikumpa. Karatasi ile ilikuwa ramani. Ilitaja mwaka wa kuteuliwa, na uteuzi wa baadhi ya watumishi wa umma ulitangazwa katika Gazeti la Serikali. Ilitaja shule na mkoa, na ufunguzi wa shule za wasichana katika miaka ya 1960 ulikuwa habari kwa magazeti kama Uhuru na Ngurumo. Mtu akiwa na tarehe tatu mkononi hapekui maktaba nzima. Anaomba majalada ya miezi michache. Badala yake mama yule alielekezwa kwenye zana ya kutafsiri, akajaribu kwa heshima, na kabla ya saa tisa akafunga bahasha yake na kuaga.

Jambo hili linaniudhi zaidi kwa sababu ya mahali penyewe. Kutoka ukumbi ule, Maktaba Kuu ya Taifa haiko mbali, nayo iko kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga hapo hapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa East Africana, wa maandishi kuhusu Afrika Mashariki, ambao watafiti husafiri kutoka mabara mengine kuja kuusoma. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimechapisha jarida lake la Sauti ya Siti, ambalo limejaa habari za wanawake ambao vyombo vingine vya siku zile viliwapita. Vingi kati ya hivi haviko kwenye intaneti, na kanuni za Wikipedia hazidai viwepo: gazeti la karatasi, likitajwa kwa jina, tarehe na ukurasa, ni chanzo halali kabisa. Hilo halikutamkwa ukumbini hata mara moja, na nina hakika nusu ya washiriki waliondoka wakiamini kwamba kisichopatikana kwa kutafuta mtandaoni hakiwezi kutumika.

Tofauti inayoletwa na chanzo kimoja cha maana inaonekana wazi kwa Bibi Titi mwenyewe. Kwamba alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akahamasisha wanawake kujiunga na TANU kupitia vikundi vyao vya ngoma, akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970, akaachiwa mwaka 1972 na kufariki Novemba 2000, yote hayo yanaandikika leo kwa uhakika kwa sababu watu walikaa na kuyaandika. Kitabu cha mwanahistoria Susan Geiger kuhusu wanawake wa TANU, kilichotoka mwaka 1997, kilitokana na mazungumzo na wanawake wenyewe, na ndani yake mna majina mengine ya wanawake wa vikundi vile ambao hawana hata aya moja mtandaoni. Vilevile Siti binti Saad ana bahati ambayo wenzake wa taarabu wachache wanayo: Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Nakala mbili tatu za vitabu hivyo juu ya meza zingebadilisha mchana wote ule, na zisingegharimu zaidi ya pilau.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. Washiriki waliambiwa wasipakie picha walizozikuta magazetini au kwenye mitandao ya kijamii, kwa kuwa zina hakimiliki, na kwamba njia safi ni kupiga wenyewe au kumwomba mwenye picha aitoe kwa leseni huria, yaani ruhusa ya kila mtu kuitumia. Maelezo sahihi, ya kutosha.

Huduma ya baadaye ni nzuri. Kuna kundi la WhatsApp ambamo maswali hujibiwa siku hiyo hiyo, na makala yangu ilipowekewa alama ya kukosa vyanzo, mmoja wa waandaaji alinionyesha pa kuongeza tanbihi bila kunifanyia kazi yenyewe. Aliyezoea semina zinazokwisha kwa kupiga picha ya pamoja atashangaa kuona watu hawa bado wanajibu wiki kadhaa baadaye.

Kwa alama, ninawapa tatu na nusu kati ya tano: nne kwa mafundisho ya asubuhi na kwa uvumilivu wa mkufunzi, mbili na nusu kwa namna mchana ulivyotumika, na nne nyingine kwa lile kundi la WhatsApp. Warsha inamfaa sana mwanafunzi wa chuo, mwanahabari kijana au mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi wake kazi yenye faida. Mstaafu mwenye kumbukumbu nyingi na bahasha ya karatasi itamfaa iwapo atafuatana na kijana atakayemshikia kompyuta, na iwapo ataulizwa kuhusu tarehe zilizomo ndani ya bahasha. Chagua mwanamke wako mapema, andika majina yake yote, pita maktaba ukiwa na miaka mahususi ya kuulizia, na uje na angalau vyanzo viwili ambavyo hakuna ndugu yake aliyeviandika. Nimewaandikia waandaaji kupendekeza kwamba asubuhi ya warsha ijayo ifanyike maktaba na mchana ukumbini. Wamejibu kwa kuniuliza kama niko tayari kuisimamia asubuhi hiyo.