Chekapu ya wanaume: nesi safi, maabara safi, meseji ya maandalizi sifuri

Nimepokea majibu yangu jana, majibu ya mara ya pili nasema, maana yale ya kwanza yalininyima usingizi siku nne bure kabisa na ndo maana nimekaa kuandika hii. Pakeji ni ile ya chekapu ya wanaume: picha nzima ya damu, sukari, mafuta, ini, figo, mkojo, presha na PSA, kile kipimo cha damu cha kuangalia tezi dume. Kituo sikitaji, sidhani kama ni wao peke yao wenye huu mchezo. Nawapa nyota tatu kati ya tano.

Shida yote ilianzia kwenye meseji. Baada ya kuweka miadi wakanitumia mstari mmoja tu: "Fika saa mbili asubuhi ukiwa hujala." Basi. Hakuna kingine. Na mimi kwa akili zangu nikaona hujala maana yake hata maji usiguse, nikalala na kiu, nikaamka na kiu, nikafika pale mdomo mkavu kama karatasi. Kumbe maji ya kawaida yanaruhusiwa, tena yanatakiwa! Ukiwa mkavu mishipa inajificha, na mimi nilichomwa mara tatu mpaka ikapatikana. Kinachokatazwa ni chakula na kinywaji chochote zaidi ya maji kwa saa 8 mpaka 12 kabla ya kupima sukari na mafuta, na hapo chai na kahawa zimo hata kama hujaweka sukari. Kuna maabara siku hizi kipimo cha mafuta hawakufungishi kabisa, kwa hiyo uliza kwanza usije ukashinda njaa bila sababu. Ile HbA1c inayoangalia sukari ya kama miezi mitatu nyuma yenyewe haijali umekula nini asubuhi.

Nesi nampa tano zake zote. Alinitaka nitaje jina na tarehe ya kuzaliwa mwenyewe, hakunisomea yeye nikaitikia tu ndiyo, halafu lebo akazibandika kwenye chupa palepale mbele ya macho yangu. Nikaanza kukunja na kukunjua ngumi kama tunavyoona watu wanafanya, akanizuia, akasema ukipampu ngumi hivyo potasiamu inaweza kupanda kwenye majibu na haijapanda kweli. Nilikuwa sijui hilo mzee mzima wa miaka 47. Nikamwambia pia kwamba mimi sindano na damu haviivi pamoja kichwani mwangu, hakucheka, akanilaza kitandani akapiga stori mpaka ikaisha. Kama na wewe ni mtu wa kuzimia sema mapema, ukianguka kutoka kwenye kiti ndo aibu yenyewe.

Presha sasa. Hapo waliniudhi. Nimepanda ngazi ghorofa mbili mbiombio kwa sababu nilichelewa, sijakaa hata dakika, mkojo umenibana, dada wa mapokezi ananifunga mkanda huku ananiuliza namba ya simu na mimi najibu. Ikasoma 151 kwa 94. Akaandika! Nikamwomba turudie baadaye, akaguna lakini akakubali, nikaenda msalani, nikakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. 127 kwa 81. Mtu yuleyule, asubuhi ileile. Sasa fikiria angekuwa mtu asiyejua anaondoka na ile ya kwanza kwenye faili lake. Sigara, kahawa na mazoezi viwe mbali angalau nusu saa kabla ya hicho kipimo.

Majibu yakaja kwenye simu jioni ya siku ya pili, kabla daktari hajanipigia, na hilo ni kosa lao jingine. Unafungua unakuta rangi nyekundu: vimeng'enya vya ini viwili vimepanda, kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo huichuja, imepita kidogo, PSA nayo juu ya mstari wa kawaida. Mzee wangu aliwahi kuugua tezi dume, kwa hiyo nikishaona lile neno pale akili haikuwa yangu tena. Mke wangu ananiuliza una nini namwambia hamna kitu, unajua tena wanaume.

Daktari alipopatikana siku ya nne baada ya majibu wala hakuanza na ugonjwa. Akaniuliza swali moja: siku mbili kabla ya kupima ulikuwa unafanya nini? Nikamwambia nilijikaza jimu, miguu, vyuma vizito, si naenda kupimwa bwana nataka nionekane fiti, na siku ya pili yake nikaendesha baiskeli saa nzima. Akacheka. Vile vimeng'enya vinavyoitwa vya ini vinatoka kwenye misuli pia, ukiiumiza kwa vyuma vinamwagika kwenye damu na vinaweza kubaki juu siku kadhaa. Kreatinini, ukichanganya ile kiu yangu na unga wa kreatini ninaokunywa kwa ajili ya misuli, hapo hapashangazi. PSA inaweza kupandishwa na baiskeli, na pia na kumwaga shahawa ndani ya siku mbili hizo (nilijibu kwa kichwa tu hapo, sikutaka kuongea). Maambukizi ya njia ya mkojo nayo yanaipandisha na inachukua wiki kadhaa kushuka, na hata tezi iliyokua tu bila saratani inaipandisha.

Akanirudisha nyumbani wiki mbili: hakuna jimu, hakuna baiskeli, unga wa kreatini kando, pombe hapana, maji kama kawaida, na siku mbili za mwisho kila mtu upande wake wa kitanda. Nikapima tena. Vyote ndani ya mstari, PSA ikiwemo. Akasema kwa sababu ya historia ya mzee tutaendelea kuifuatilia, na kwamba kwa mtu wa kawaida hayo mazungumzo ya PSA huwa yanaanza kwenye miaka 50, ila mwenye baba au kaka aliyepata saratani ya tezi dume akiwa bado hajazeeka aanze 45 au mapema zaidi. Na ni mazungumzo kweli, unaambiwa faida na hasara kwanza, si kutumbukizwa tu ndani ya pakeji kama mimi.

Kitu kingine alichonieleza kikanituliza, kwamba ule mstari wa kawaida umewekwa kwa kuchukua 95 kati ya watu 100 wazima, kwa hiyo watano wazima kabisa wanaangukia nje, na ukipima vitu ishirini kwa mpigo si ajabu kimoja kikawa chekundu hivihivi tu.

Dawa zako usiziache kwa kichwa chako. Za presha watu wengi humeza kama kawaida na maji, ila mwenye dawa za sukari au insulini ndo aulize kabla, maana kufunga na dawa juu yake sukari inaweza kushuka vibaya. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (ni vitamini) vitaje pia, vinachanganya baadhi ya vipimo vya homoni. Na kama kuna testosteroni, homoni ya kiume, kwenye orodha, pima asubuhi, saa moja mpaka saa nne hivi, mchana inashuka yenyewe.

Kurudia vipimo nimelipa tena mfukoni kwangu, na hapo ndo nyota mbili zilipoishia. Niliwaandikia waongeze mistari mitano tu kwenye ile meseji, wakanijibu asante kwa maoni yako. Mwakani nitarudi hapohapo kwa ajili ya yule nesi, ila vyuma naviweka chini wiki nzima kabla.