Mzani wa jikoni wa elfu 15 wa Kariakoo, miezi mitatu sasa nautumia

Aisee huu mzani umenisaidia, acha niuseme. Ni ule mweupe wa plastiki, wa betri mbili, mwisho kilo 10, nimeuchukua duka la vyombo mtaa wa Kongo. Kabla sijalipa nikaweka juu yake chupa yangu ya maji ya nusu lita, ilikuwa haijafunguliwa, ukasoma 514. Maji nusu lita ni gramu 500, hizo 14 ni chupa na kifuniko, nikamwambia kaka nifungie.

Nilinunua kwa ajili ya chapati za oda maana wateja walikuwa wanalalamika moja kubwa nyingine kama ya mtoto. Sa hivi kila donge gramu 90, na baada ya wiki mbili tatu mkono wenyewe ukazoea, nakata bila kupima nakosea gramu 4 au 5 basi. Mwanangu wa darasa la nne akaona, sasa kila kitu lazima akishike kwanza ataje ndo apime. Yai alisema gramu 100 kumbe 56, simu yangu akasema nusu kilo kumbe 190, ila paketi ya sukari ya kilo hakosei, hiyo ndo kipimo chake, anashika sukari mkono huu na nazi mkono huu anakwambia "mama, nazi nyepesi", na kweli nyepesi. Mambo ya gramu 1000 ni kilo shuleni alikuwa anakariri tu, nafurahi mno nikimsikia anabishana na baba yake.

Ubaya wake ni vitu vidogo. Ukimwaga hamira kidogo kidogo namba haisogei, unamwaga weee bado sifuri, mpaka unyanyue kibakuli urudishe ndo inasoma. Halafu ukichelewa unajizima, ile sifuri uliyoweka na bakuli imepotea unaanza upya. Feni nayo zima, namba zinacheza.

Juzi nimenunua nyama kilo moja bucha fulani, nimefika getini tu mkono unaniambia hii haifiki. Kupima, 865. Nikarudi nayo vilevile na mfuko wake, nikamwambia kaka rudisha kwenye mzani wako tuangalie wote, akaongeza kipande bila kubisha.